Wajuzi wa Kifaransa njooni hapa, neno "abricot" limeniaibisha jikoni

Mpishi Mkaidi (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Mimi mtoto wa Tanga, maisha yamenitupa Lyon huku Ufaransa, na kwa sasa nafanya kazi kwenye jiko la duka moja la mikate na keki. Kifaransa nimekiokota ukubwani, kile cha kuombea maji na kuulizia basi. Sasa sikilizeni yaliyonikuta juzi.

Saa kumi na moja alfajiri. Mezani kuna tarte (keki bapa za matunda) kumi na mbili za epo (si tufaa letu lile la Tanga, ni epo) zimetoka tanurini sasa hivi, vipande vimepangwa kwa kulaliana kama vigae vya paa. Mkuu wa jiko ananipita mbio mkono umejaa unga, anasema: "Tu m'abricotes tout ça avant sept heures." Mimi hapo nimedaka neno moja tu, abricot. Aprikoti naijua, kale katunda kadogo kuliko pichi, rangi ya chungwa lililopauka, kana vinyweleo laini kama shavu la mtoto. Nikaenda stoo, nikashusha kopo kubwa la aprikoti, nikalifungua, nikaanza kupanga vipande juu ya epo. Kimoja katikati, vitano kuzunguka. Nikajiona fundi kweli.

Nimefika tarte ya saba, nasikia kimya nyuma yangu. Mashine ya kukandia unga imezimwa. Mzee kasimama, kashika kiuno, ananitazama kama mtu aliyekuta ng'ombe sebuleni.

Kumbe abricoter ni kitenzi, wakuu! Unachukua jemu ya aprikoti, unaipasha kwenye kisufuria na maji vijiko viwili, unaipitisha kwenye chujio ili mabonge yabaki, kisha unaipaka kwa brashi juu ya tarte ingali ya moto. Inang'aa utadhani imepigwa vanishi, na epo halisinyai hata likikaa dirishani mpaka jioni. Aprikoti yenyewe haionekani hata chembe. Ikabidi nivitoe vile vipande kimoja kimoja, na kila kilipotoka kikaacha alama ya maji.

Tangu siku hiyo neno hili nakutana nalo kila kona, na kila kona lina kazi yake. Jirani yangu ana kambwa anakaita "caniche abricot". Mfanyakazi mwenzangu Mswisi kaleta chupa ya pombe imeandikwa Abricotine. Hebu wenye ujuzi wao nifungueni macho, neno moja linabebaje mizigo yote hii?

Kaka wa Makorora

Nimecheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda kaniangalia vibaya. Ya saba! Ungemaliza zote kumi na mbili tu mkuu, lawama ni ile ile.

Mwalimu wa Zamu

Pole sana mleta mada. Nafundisha Kifaransa Arusha, mwaka wa kumi na nne huu, na wanafunzi wangu wote wameanguka kwenye shimo hilo kwa namna moja au nyingine. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Warumi walikuwa na neno praecox, maana yake kitu kinachoiva mapema, kinachowahi. Ndilo lililowapa Wafaransa précoce, mtoto anayewahi kuongea au kutembea. Tunda hili walilifananisha na pichi ila linawahi kuiva kabla ya pichi, basi wakaliita praecocia, yaani "yawahiyo". Wagiriki wakalichukua neno hilo wakalitamka praikokion. Waarabu wakalipokea kwa Wagiriki wakalifanya barquq, na wakiweka al- yao mbele inakuwa al-barquq. Waarabu hao walipotawala Uhispania wakaenda nalo, Wahispania wakasema albaricoque, Wakatalani albercoc. Ndipo Wafaransa, karne ya 16, wakalipokea kutoka kusini na kulikata likawa abricot. Waingereza nao wakalipata, enzi za Shakespeare walikuwa wanasema apricock, baadaye ndiyo wakaweka t mwishoni kwa kuwaiga Wafaransa.

Uangalie mzunguko huo. Neno limetoka Roma, likazunguka bahari nzima ya Mediterania kwa upande wa mashariki na kusini, likabadilishwa nguo mara nne, halafu likarudi mlango wa jirani bila kujulikana kwamba ni mtoto wa nyumba ile ile.

Na ile herufi t ya mwishoni: Mfaransa haitamki, anasema "abriko" basi. Ila haijafa, imelala tu. Ukiongeza kiambishi inaamka: abricotier ni mti wake, abricoté ni kitu chenye ladha au rangi yake, abricoter ndiyo hiyo iliyokuumbua, na kitendo chenyewe huitwa abricotage.

Binti Mwambao

Shikamoo Mwalimu. Mimi niko Maskati, wazee wetu ni wa Unguja, nyumbani Kiswahili ndiyo lugha ya jikoni. Nataka kuongeza jambo hapo kwenye barquq maana ndipo penye kichekesho.

Huku Arabuni leo ukitaka aprikoti unasema mishmish. Ukisema barquq sokoni Misri unapewa plamu! Na Moroko wana mchuzi wao wa nyama wenye barquq, ukifunua chungu ni plamu kavu nyeusi zimelala juu ya nyama. Kwa hiyo neno lililowapa Wafaransa aprikoti, wenyewe waliolipeleka wamelihamishia tunda jingine, na aprikoti wameitafutia jina jipya.

Wamisri wana msemo, "bukra fil mishmish", kesho kwenye mishmish. Ukimdai mtu pesa akakujibu hivyo jua umedhulumiwa, maana msimu wa tunda lile ni mfupi mno, ukigeuka umekwisha. Sisi tungesema subiri mtondogoo.

Halafu kuna qamar al-din. Ramadhani huku haipiti bila hiyo. Ni aprikoti zilizopikwa zikachujwa, zikamwagwa kwenye mbao kama ngozi na kuanikwa juani mpaka zikauke. Inakuja imekunjwa kwenye karatasi ya rangi ya machungwa inayong'aa, na yenye sifa zaidi ni ya Damaski, maana mashamba ya Ghouta yaliyozunguka mji ule ni ya mishmish tangu zamani. Mama huikata kwa mkasi tangu alasiri, anailoweka kwenye jagi, ikifika magharibi imeyeyuka, anatia maji ya waridi tone mbili. Futari ya kwanza kushuka kooni ni hiyo na tende. Waturuki nao wakisifia kitu husema kizuri kuliko hiki ni aprikoti ya Damaski tu.

Mtoto wa Bukavu

Jambo bandugu. Munisamehe Kiswahili yangu, sisi kule kwetu tunachanganya. Nimesoma habari ya kopo nikakumbuka kitu.

Mkubwa, ile kopo uliyofungua, uliangalia vizuri maandishi? Nina hakika iliandikwa "oreillons d'abricots au sirop". Sasa mimi mwaka fulani nilikuwa natafsiri karatasi za mizigo ya chakula, Kifaransa kwenda Kiswahili, kwa shirika moja sitalitaja. Nimetoka shule, najiamini kabisa. Nakutana na "oreillons, 40 boîtes". Ile neno nilikuwa naijua moja tu, ile ya hospitali. Nikaandika: makopo 40 ya matubwitubwi.

Karatasi ikafika kwa mlinzi wa stoo. Mzee akakataa kufungua mlango. Akasema yeye ana watoto nyumbani, hawezi kukaa na ugonjwa ndani ya makopo.

Ukweli ni kwamba oreille ni sikio. Oreillon ni kasikio. Ukipasua aprikoti mbili na kutoa kokwa, kila nusu inakaa kama sikio ya mutoto, ndiyo sababu wanaita vile. Na matubwitubwi inavimbisha chini ya sikio, nayo wakaiita oreillons. Neno moja, moja ya kula na ingine ya kulala kitandani.

Kaka wa Makorora

MAKOPO 40 YA MATUBWITUBWI. Uzi ufungwe, hakuna kitakachozidi hapo.

Mpishi Mkaidi

Mtoto wa Bukavu umeniua. Nimeenda stoo sasa hivi kuangalia, kweli kabisa imeandikwa oreillons, kilo mbili na ushei. Miezi yote nimelibeba lile kopo sijawahi kusoma.

Fundi Cherehani

Tuje kwenye rangi, huko ndiko kwangu. Nashona Brussels, wateja wengi mabibi harusi. Kuna mwaka rangi ya abricot ilikuwa ndiyo hiyo hiyo, wasimamizi wote wa harusi abricot, ukumbi mzima unaona kama umeingia ndani ya jemu.

Nilichojifunza kwa aibu ni hiki. Niliandika risiti "six robes abricots", na s yangu mwishoni kwa kuwa magauni ni sita. Mteja, mwalimu mstaafu, akachukua kalamu yake nyekundu kutoka mkobani (alikuwa anatembea nayo!) akaikata ile s. Kwa Wafaransa, rangi iliyoazimwa kutoka kwa tunda au kitu haibadiliki, hata magauni yawe mia. Robes bleues (magauni ya buluu) sawa, robes vertes (ya kijani) sawa, lakini robes abricot, robes orange, robes marron, zinabaki hivyo hivyo. Halafu wametoa msamaha kwa rose, mauve, fauve na wengine wachache, hao wanakubali wingi. Kwa nini hao? Yule bibi aliniambia "ni hivyo tu", na kwa Kifaransa hilo ni jibu kamili.

Lakini ukifikiri, hata sisi tunafanya kitu kinachofanana. Tunasema vitambaa vyekundu, kanga nyekundu, rangi inafuata ngeli. Ikija ya machungwa au ya zambarau au ya kunde, tunaegemea "rangi ya" na tunda linabaki lilivyo. Vitambaa vya rangi ya zambarau. Zambarau haigeuki kwa sababu ya vitambaa.

Na yule mbwa wa jirani yako usihangaike, caniche ni aina ya mbwa wa manyoya ya kujisokota, na abricot ni mojawapo ya rangi zake rasmi kwa wanaofuga. Kuna na vile vimbwa vya pua bapa, carlin, navyo vipo vya abricot.

Kibarua wa Posta

Kwa hiyo mbwa wa rangi ya maji ya kunde kwa Kifaransa ni tunda na kwa Kiswahili ni mboga. Sawa, nimeelewa.

Nesi wa Montréal

Nami nichangie. Natokea Goma, nafanya kazi ya uuguzi Montréal. Hapa tuna wenzetu wengi kutoka Haiti. Mwenzangu mmoja wa zamu ya usiku alikuwa ananisimulia nyumbani kwao, akasema bibi yake alikuwa na mti wa abricot uani, mrefu kuliko nyumba, na tunda likianguka usiku mnaamka wote mnadhani mwizi.

Nikamwambia hapana dada, aprikoti ina ukubwa wa yai, itaamshaje watu? Akanitolea picha kwenye simu. Wakuu, tunda lile ni kubwa kama nazi iliyofuliwa! Ganda la kahawia, gumu, lina mikwaruzo kama kiazi. Ukimenya kuna utando mweupe mchungu ambao lazima ukwanguliwe vizuri, ndani ndiyo nyama ya rangi ya chungwa, na kokwa kubwa kuanzia moja hadi nne.

Wao wanaliita zabriko. Kitaalamu ni Mammea americana, na halina undugu wowote na aprikoti ya Ufaransa. Wafaransa walipofika visiwa vile vya Karibi karne ya 17 waliona nyama ya rangi ile, wakanusa, wakakumbuka kwao, wakasema hii ni abricot. Mpaka leo Martinique na Guadeloupe wanatofautisha kwa kusema abricot-pays, aprikoti ya kwetu, na jemu yake wanaisifia sana. Maua yake hutengenezewa kinywaji kinachoitwa eau de créole. Haiti upande wa kusini-magharibi, mkoa wa Grand'Anse, kuna hadi mji unaitwa Les Abricots.

Kwa hiyo mtu wa Port-au-Prince akisema abricot na mtu wa Lyon akisema abricot, wote wanaongea Kifaransa safi na kila mmoja ana tunda lake kichwani.

Binti Mwambao

Nesi, msiwacheke Wafaransa peke yao. Mleta mada mwanzoni kasema "si tufaa letu lile". Tuffah kwa Mwarabu ni epo! Neno lilipofika Unguja epo hakuna, babu zetu wakalichukua wakalibandika tunda jingine kabisa, lile jekundu la maji maji lenye harufu ya waridi. Leo tufaa la Unguja na tuffah la Maskati hayajuani. Mimi mdogo nilipotumwa sokoni huku na nyanya yangu nilirudi na mfuko wa maepo, akanitazama, akasema "nilitaka tufaa, mwanangu", kama mtu anayemuulizia ndugu wa mbali.

Mwalimu wa Zamu

Ahsante Nesi, na hapo kwenye zabriko pana somo zuri la lugha. Ile z ya mwanzo inatoka wapi? Mfaransa akisema les abricots, s ya les inaungana na irabu inayofuata, masikio yanapata "lezabriko". Mtu anayejifunza kwa kusikia, shambani na si darasani, anakata pale anapoona panafaa, anapata zabriko. Krioli ya Morisi, lugha iliyozaliwa na Kifaransa, ndiyo hivyo hivyo, nanasi kwao ni zanana.

Sisi tumefanya hayo hayo. Divai ni du vin ya Mfaransa, tumechukua na du yake. Alfajiri, alasiri, Alhamisi, zote zina al- ya Mwarabu imegandia kama kupe. Na abricot yenyewe, hiyo a ya mwanzo ni mabaki ya al- ya Kiarabu. Kwa hiyo Mfaransa akisema l'abricot anaweka kiambishi chake mbele ya mabaki ya kiambishi cha Mwarabu, bila habari.

Kuna na jina la kitaalamu. Linnaeus, mtaalamu wa mimea, mwaka 1753 aliliita Prunus armeniaca, akifuata Warumi waliodhani linatoka Armenia kwa kuwa lilipitia huko. Asili yake ni mbali zaidi, Asia ya Kati na Uchina. Ni kama sisi na shelisheli. Tumelipa jina la visiwa vya Shelisheli wakati kwao ni Pasifiki. Ila Waarmenia wamelishika tunda hilo kweli kweli, rangi ya tatu kwenye bendera yao wanaiita ya aprikoti, na zumari lao la duduk huchongwa kwa mti wa aprikoti.

Mchungaji Mstaafu

Wanangu, nawasoma kwa raha. Mithali 25:11, Biblia yetu ya Kiswahili inataja machungwa katika vyombo vya fedha. Kiebrania ni tappuah, ndugu wa hiyo tuffah ya Binti Mwambao, na wengi hutafsiri epo. Karne ya 19 mchungaji mmoja Mwingereza, Henry Baker Tristram, aliyetembea sana nchi ile akiandika habari za ndege na mimea, alishikilia kwamba tunda lenye rangi ya dhahabu na harufu na kivuli kama inavyoelezwa ni aprikoti. Watafsiri wetu wao wakaona Mswahili ataelewa chungwa. Nami nawaunga mkono, chungwa linajulikana.

Dawa za Asili Tz

Mmeongea mengi ila hamjasema la maana. Kokwa ya aprikoti ukiivunja, ile mbegu ya ndani ina vitamini B17, inatibu saratani, wazungu wanaficha. Kula kumi asubuhi kumi jioni. Njoo faragha nikupe bei.

Nesi wa Montréal

Hapana. Hili silipitishi. "Vitamini B17" si vitamini, ni jina la biashara. Ndani ya mbegu ile kuna amigdalini, na ukiitafuna mwili unaigeuza kuwa sianidi, sumu ile ile mnayoisikia. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa tahadhari mwaka 2016: mtu mzima akila mbegu ndogo mbichi zaidi ya tatu kwa mkupuo anaweza kupita kiwango salama, na mtoto mdogo hata moja inaweza kumdhuru. Wewe unasema kumi asubuhi, kumi jioni. Mtu akifuata ushauri huo atafika kwetu akihema kwa shida, kichwa kinampasuka, au asifike.

Wafaransa wapikaji jemu hutia mbegu chache zilizochemshwa kwenye chupa, kwa ajili ya harufu. Chache, kwenye chupa nzima. Msimamizi wa jukwaa tafadhali ondoa tangazo la bei.

Msimamizi

Limeondolewa. Mchango wa Nesi unabaki.

Kaka wa Makorora

Mwalimu, kuna maana moja mnaizunguka. Nimesikia kwa jamaa aliyewahi kuishi Marseille. Sema tu, wote watu wazima.

Mwalimu wa Zamu

Nilijua utafika huko. Haya. Kwenye Kifaransa cha mtaani abricot ni jina la mafumbo la sehemu ya siri ya mwanamke, kwa sababu ya umbo la tunda na ule mfereji wake. Kuna na msemo "avoir l'abricot en folie", mwanamke aliyepandwa na ashiki. Upo kwenye kamusi za misimu, sijautunga mimi.

Ukienda sokoni wala usiogope kuomba kilo ya abricots, hakuna atakayecheka. Ila ukimwambia muuzaji mwanamke kwamba unaipenda abricot yake, kwa umoja, huku unatabasamu, hayo utajijua. Sisi wenye papai na embe na kitumbua hatuna la kushangaa hapo.

Binti Mwambao

Mwalimu kataja kitumbua kisha katoka nje ya darasa 😂

Mtoto wa Bukavu

Na ile pombe ya Mswisi? Hakuna aliyejibu.

Mwalimu wa Zamu

Abricotine ni ya mkoa wa Valais, Uswisi inayoongea Kifaransa, bonde la mto Rhône kabla haujafika Ufaransa. Ni gongo ya aprikoti kwa maneno ya kwetu: tunda linachachuliwa, linakenekwa. Jina limelindwa kisheria huko tangu 2003, na lazima sehemu kubwa kabisa ya tunda iwe ya aina iitwayo Luizet. Haina rangi wala sukari. Mleta mada ukipewa, onja kwa kijiko kwanza.

Ukitaka kuwapendeza watu wa Lyon, wewe sifia Bergeron. Ni aina ya aprikoti iliyopatikana vilima vya jirani na mji huo, na sasa mashamba ya mkoa wa Drôme yamejaa hiyo. Inachelewa kidogo kuiva, upande mmoja una wekundu, na ikipikwa haifumuki ovyo. Aina inayochelewa, ya tunda lililoitwa "linalowahi". Hiyo nayo muiweke akilini. Na ukikutana na abricot de singe, aprikoti ya nyani, usiiombe. Ni mti wa Guyana wenye matunda kama mizinga, yakipasuka yananuka.

Fundi Cherehani

Mwalimu wewe ni kamusi inayotembea. Mtoa mada, turudi jikoni, mzee wako amekusamehe?

Mpishi Mkaidi

Wakuu nimerudi, shukrani kwenu wote. Leo nimempelekea mzee habari zote hizi wakati wa kahawa. Ya Warumi na Waarabu alisikiliza nusu. Ya zabriko alikuwa anaijua, mke wake wa kwanza alikuwa wa Martinique. Ya makopo ya matubwitubwi alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga, akaenda kumsimulia dada wa kaunta, na dada wa kaunta akawasimulia wateja.

Kisha akaniuliza: "Na kwa Kiswahili, abricoter mnasemaje?"

Nikabaki mdomo wazi. Nisaidieni. "Kupaka jemu" inamfaa mtoto na mkate wake wa chai, haileti ile picha ya kung'arisha.

Kibarua wa Posta

Kuaprikotisha.

Kaka wa Makorora

Kupiga vanishi. Wewe mwenyewe ulisema.

Mwalimu wa Zamu

"Kung'arisha" inatosha, ila naona ni neno la viatu.

Binti Mwambao

Kusinga! Bibi harusi anasingwa kwa liwa, anapakwa mwili mzima taratibu kwa kiganja, unatoka mng'ao na harufu, na ngozi haikauki. Keki yako nayo unaisinga. Ukiipaka ikiwa imepoa haishiki, na mwari naye hasingwi haraka haraka.

Fundi Cherehani

Kusinga. Nimepiga saluti nikiwa nimeshika sindano.

Mpishi Mkaidi

Kusinga imepita bila kupingwa. Leo alfajiri tarte zilikuwa kumi na sita. Mzee kanipita na unga wake mkononi, bila kunitazama, akasema kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi nyumbani: "Allez, senga-moi ça."

Nimemrekebisha ni "singa". Kasema ndiyo, ndiyo, senga. Tarte zimetoka safi, moja nimewapigia picha, naipandisha jioni nikipata bando.